Dawa ya Ahali: Ni Wajibu au Ni Hisani?

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeumba maradhi na akaumba dawa, na baada ya kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.) na Sahaba zake, yafaa kulitazama suala moja ambalo wanaume wengi wa pwani hulipita upesi, kama mtu apitaye makaburini usiku. Suala lenyewe ni hili: mke akiugua, au mtoto akishikwa na homa, je, kumpeleka kwa tabibu na kumlipia dawa ni wajibu juu ya mume, kama ulivyo wajibu wa chakula na nguo? Au ni hisani tu, akipenda hufanya, na asipopenda hana lawama?

Yamkini mtu akasema: Hili nalo ni suala? Nani asiyemtibu mkewe? Lakini maneno ya barazani ni mbali na mambo ya nyumbani. Wako watu wema, wenye kusali na kufunga, ambao hutoa fedha ya dawa kama watoavyo sadaka: hutoa wakiwa na nafasi, wakiwa na furaha, na baada ya kuombwa mara tatu. Na wako waliosoma kidogo, ambao wakiulizwa hujibu kuwa vitabu vya madhehebu havikumlazimisha mume dawa. Basi haifai kunyamaza. Wajibu ni deni, na hisani ni zawadi. Na mtu adhaniye kuwa deni lake ni zawadi hulichelewesha. Na katika maradhi, kuchelewa ndiko kufa.

Ili maneno haya yasiwe ya angani, na utazamwe mji mmoja unaojulikana. Mkwaja ni mji wa pwani katika wilaya ya Pangani, mkoa wa Tanga. Mashariki yake ni bahari, na ng'ambo ya bahari ni Unguja. Kusini yake ni Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005. Kaskazini yake, mwendo wa kilomita 40 na zaidi, ni mji wa Pangani penye hospitali ya wilaya. Na hospitali hiyo iko ukingo wa kaskazini wa mto Pangani, hali mtu atokaye Mkwaja hufika kwanza Bweni, ukingo wa kusini. Na kwa miaka mingi hakuwa na njia ya kuvuka na mgonjwa wake ila kungoja pantoni. Mvua za masika zikishuka, mwendo wa saa chache huwa mwendo wa siku. Watu wa huko ni wakulima na wavuvi. Na mvuvi, kama ijulikanavyo, huweza kwenda dago akakaa majuma na miezi mbali na nyumba yake.

Hata hivyo maradhi mengi hayahitaji kufika Pangani. Katika mpango wa afya wa Tanzania ngazi ya kwanza ni zahanati ya kijiji, ya pili ni kituo cha afya cha kata, ya tatu ni hospitali ya wilaya, na juu yake ni hospitali ya mkoa, nayo kwa Tanga ni Bombo. Homa ya malaria hupimwa zahanati kwa tone moja la damu, na jawabu hupatikana kwa muda wa kunywa kahawa. Mtoto huchanjwa huko. Mwenye mimba hupimwa damu, mkojo na shinikizo la damu, hupewa dawa za kumkinga na malaria na chandarua cha kulalia. Haya ni mambo madogo yaliyo karibu. Lakini yakiachwa, ndiyo yazaayo mambo makubwa yaliyo mbali.

Sasa na iwekwe hali moja, isiyo ya mtu fulani, bali ya nyumba yoyote katika miji ya namna hii. Mvuvi ameondoka na wenzake kwenda dago wakati wa kaskazi. Mkewe ana mimba ya miezi minane. Amemwachia unga, mchele, na fedha ya kitoweo. Hakumwachia neno lolote juu ya hospitali. Usiku mmoja mke ashikwa na kichwa kikali, macho yaona kiwi, na miguu ilikwisha kuvimba tangu juzi. Mama mkwe asema: "Na tungoje, mwenyewe atapigiwa simu." Simu haishiki, kwani mwenyewe yuko baharini. Shemeji asema: "Mimi sithubutu kumtoa mke wa mtu usiku pasipo idhini yake." Jirani mwenye pikipiki auliza ni nani atakayelipa mafuta. Mke mwenyewe, aliyelelewa katika adabu, aona haya kusema kuwa yu taabani. Hivyo saa zapita, na karibu ya alfajiri ashikwa na kifafa cha mimba, naye yu mbali na kila awezaye kumsaidia.

Asubuhi ndipo fedha huonekana. Huyu atoa ya sanda, yule atoa ya mbao, na jirani yule yule aenda mwenyewe kwa pikipiki yake kuwaita watu wa vijiji vya karibu waje maziko, wala haulizi mafuta ni ya nani.

Katika nyumba hiyo hapana mtu mbaya hata mmoja. Mama mkwe hakuwa na chuki, wala shemeji hakuwa bahili. Kila mmoja alichelea kutenda lisilo haki yake. Waliloliogopa ni kuvunja sheria. Na lililowaua watu wawili, mama na aliye tumboni, ni kutoijua sheria. Kwa hiyo suala la wajibu si mchezo wa wanafunzi wa darsa. Ni suala la nani atakayeamka usiku, na kwa fedha ya nani, na kwa idhini ya nani.

Tangu mwaka 1994 wachunguzi wa vifo vya wazazi wameeleza kuwa kuchelewa ni kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kuchelewa kwa pili ni mambo ya barabara na vyombo, na kwa tatu ni mambo ya watabibu na dawa. Na hayo mawili Serikali ina sehemu yake kubwa. Lakini kuchelewa kwa kwanza kumo ndani ya nyumba, nako kumo mkononi mwa wanaume. Mwenye kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa huweza kufa kwa muda wa saa mbili tu. Mtoto mwenye malaria yapasa apate dawa kabla ya saa 24 tangu homa ianze. Maradhi hayangoji mtu arudi dago.

Wala mtu asiseme kuwa kwenda hospitali hakubadili kitu. Katika hesabu ya nchi nzima iliyofanywa mwaka 2015 hadi 2016, wazazi waliokufa walikadiriwa kuwa 556 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Na wanawake waliozalia katika nyumba za tiba walikuwa 63 katika kila 100. Katika hesabu ya mwaka 2022 waliozalia katika nyumba za tiba walifika 81 katika kila 100, na vifo vilikadiriwa kuwa 104. Kupungua huko kuna sababu nyingi, lakini hapana aonaye tarakimu hizo akadhani kuwa ni sawa mtu kwenda na kukaa.

Na sasa na yatazamwe maneno ya vitabu, kwani msomaji wa pwani hutaka ushahidi, na ni haki yake. Ni kweli kwamba wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, naye mmoja wao ni Imam Nawawi katika Minhaji yake ijulikanayo sana katika darsa za pwani, hawakuhesabu thamani ya dawa wala ujira wa tabibu katika masurufu yampasayo mume. Asemaye hivyo hakusema uwongo. Lakini anukuuye hukumu yampasa pia anukuu sababu yake. Sababu waliyoitaja ni kwamba chakula hulinda mwili uliopo, na dawa hurekebisha mwili ulioharibika. Wakalinganisha na mtu aliyepanga nyumba, ambaye yampasa kodi, lakini ukuta ukianguka si juu yake kuujenga.

Haifai kuwadharau wanavyuoni hao, wala kuwadhania kuwa walikuwa na nyoyo ngumu. Walisema kwa kadiri ya zama zao. Katika zama hizo dawa nyingi zilikuwa za kubahatisha. Mtu huweza kutumia mali nyingi kwa tabibu, asijue kama amenunua uzima au amenunua majani. Haikuwa insafu kumfunga mume deni la kitu kisicho na yakini. Lakini leo mtoto wa malaria akipewa dawa mseto mapema, uponaji wake ni jambo la kutarajiwa; na mzazi atokwaye na damu akitiwa sindano kwa wakati wake, ni jambo la kutarajiwa kuwa damu itakatika. Sababu ya hukumu ilikuwa ni shaka, na shaka imepungua sana. Na kanuni ya wanavyuoni wenyewe ni kuwa hukumu iliyojengwa juu ya desturi na sababu hugeuka pamoja na desturi na sababu hizo.

Hivyo ndivyo alivyoona Sheikh Wahba al-Zuhayli wa Damascus, aliyefariki mwaka 2015, mmoja wa mafakihi wakubwa wa zama hizi. Yeye aliona kuwa haja ya tiba leo ni kama haja ya chakula, bali ni zaidi, kwani mgonjwa mwenye maumivu hakitaki chakula, hutaka dawa. Na kwamba si katika kukaa na mke kwa wema, kama alivyoamrisha Mwenyezi Mungu, mume amstareheshe na kustarehe naye akiwa mzima, kisha akiugua amrejeshe kwao akatibiwe.

Na kipimo hiki si kigeni katika dini. Hind binti Utba alipomshitakia Mtume (S.A.W.) kuwa mumewe Abu Sufyan ni mzito wa kutoa, Mtume alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa ada inayokubalika. Kipimo alichopewa ni kutosheka, wala si orodha ya vitu. Je, mwanamke mwenye chungu kilichojaa wali na mwili unaowaka homa, ametosheka huyo?

Tena liko jambo moja ambalo anukuuye Minhaji humpasa alinukuu pia. Kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu hayo hayo, mke akifa, sanda yake na gharama ya maziko yake ni juu ya mumewe. Basi mwenye kushika herufi na kuacha maana hujikuta mahali pa ajabu: yampasa alipe sanda, wala haimpasi alipe dawa ambayo ingeiepusha sanda. Hapana mwanachuoni mwenye insafu atakayeridhika kuwa hilo ndilo kusudio la sheria, hali wanavyuoni wote wamekubali kuwa kuilinda nafsi ni katika makusudio yake makubwa.

Hayo ni ya mke. Ama watoto wadogo wasio na mali, mlango wa hoja hiyo haukufunguliwa kabisa, kwani masurufu yao ni juu ya baba kwa kadiri ya kuwatosha. Na sheria ya nchi nayo imesema waziwazi: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imehesabu tiba, pamoja na chanjo, katika haki za mtoto juu ya mzazi wake, sawa na chakula, malazi na mavazi. Kwa hiyo baba aachaye mtoto asichanjwe kwa uvivu tu hakuacha hisani. Amezuia haki ya asiyeweza kudai.

Limebaki suala la idhini, nalo ndilo lililofunga mlango wa nyumba ile. Ni kweli kwamba mke wa Kiislamu hutoka kwa idhini ya mumewe. Lakini wanavyuoni wale wale walioandika hukumu hiyo waliitoa dharura. Walisema nyumba ikikaribia kumwangukia, atatoka pasipo kungoja ruhusa, wala hahesabiwi kuwa ni mwasi. Basi ikiwa atoka kwa ajili ya ukuta utakaomwangukia, hukosaje kutoka kwa ajili ya mwili wake mwenyewe unaomwangukia? Na ikiwa yeye ana haki ya kutoka, shemeji na mama mkwe wamzuiao hawailindi heshima ya mume. Wanamtia mume katika dhambi asiyoijua, hali yuko mbali juu ya maji.

Wengine husimama nyuma ya neno la kutawakali. Husema: Ajali imeandikwa, zahanati haiongezi siku. Ni kweli kuwa ajali imeandikwa. Lakini riziki nayo imeandikwa, na mvuvi hakai kitandani akangoja samaki waje mlangoni. Mabedui walipomwuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, na akawafahamisha kuwa hapana maradhi yasiyoteremshiwa dawa ila uzee. Na Sayyidna Omar bin Khattab, alipokuwa njiani kwenda Sham mwaka wa 18 wa Hijra, akapata khabari ya tauni, aliwarudisha watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, jawabu lake lilikuwa kwamba anatoka katika kadari moja ya Mungu kwenda katika kadari nyingine ya Mungu. Kwenda zahanati nako ni kadari.

Na mfano ulio mkubwa kuliko yote kwa mwanamume mwenye ahali ni ule wa mwaka wa 2 wa Hijra. Waislamu walitoka kwenda Badri, vita ambayo hapana iliyo na fadhila kama yake. Sayyidna Uthman bin Affan hakutoka. Mkewe Ruqayya, binti ya Mtume, alikuwa mgonjwa, na Mtume (S.A.W.) alimwamrisha abaki Madina amwuguze. Ruqayya akafariki, na khabari ya ushindi ikafika Madina wakati watu wakimzika. Na ngawira ilipogawanywa, Uthman alipewa fungu kama aliyehudhuria, na akaahidiwa ujira kama aliyehudhuria. Basi na azingatie mwenye akili. Siku ile dini yote ilikuwa khatarini, na kila mkono wenye upanga ulihitajiwa. Tena mwanamume mmoja aliambiwa kuwa mahali pake ni kando ya kitanda cha mkewe, akahesabiwa kuwa amehudhuria. Ni dago lipi, au biashara gani, iliyo kubwa kuliko Badri?

Sasa itasemwa: Wajibu umefahamika, lakini mali haipo. Jawabu lake ni kwamba Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake. Na kwa sababu hiyo hiyo yampasa ajue njia zilizofanywa nyepesi kwa ajili yake. Mwezi wa Septemba mwaka 1978 mataifa yalikutana katika mji wa Alma-Ata, yakaafikiana kuwa afya ni haki ya kila mtu, na kuwa huduma ya kwanza yapasa iwe karibu na mahali watu waishipo na wafanyapo kazi. Tanzania ilikwisha kuanza kujenga zahanati vijijini kabla ya hapo, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Na mwaka 2007 ikaweka mpango wa kila kijiji kuwa na zahanati na kila kata kuwa na kituo cha afya. Malipo yalipoanza katika nyumba za tiba za Serikali miaka ya 1990, wenye mimba na watoto wa chini ya miaka 5 walisamehewa. Na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo nao wamewekwa katika msamaha huo. Mwaka 2018, Mfuko wa Afya ya Jamii uliporekebishwa, mchango wa nyumba ya watu 6 uliwekwa kuwa shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani shilingi 2,500 kwa mwezi. Na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mtu asiyeuliza khabari ya mambo haya katika ofisi ya kijiji chake, kisha akasema hana uwezo, udhuru wake una kasoro.

Itasemwa tena: Tumekwenda, tumeambiwa dawa hakuna, nendeni mkanunue. Jambo hilo hutokea, wala si haki kulificha. Lakini lapasa lijulikane mahali pake. Zahanati imejengwa kwa kodi za watu na mara nyingi kwa mikono yao. Ni mali ya wote, na mwenye mali huuliza khabari za mali yake. Iko kamati ya zahanati, ambayo baadhi ya wajumbe wake ni wanakijiji wenyewe. Kazi yake ni kujua dawa zilizoingia na zilizotumika, na kupeleka malalamiko mbele. Wanaume waachao kuhudhuria mikutano, kisha wakakaa barazani kulaumu, wameacha haki ya wake zao na watoto wao ipotee hali wao wako macho. Na dawa ikikosekana kweli, wajibu wa mume haukuondoka, umehamia dukani.

Wala Waislamu wasidhani kuwa kutoa mali kwa ajili ya tiba ya watu wote ni jambo lililoletwa na wageni. Nuruddin Zengi alijenga hospitali Damascus mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga nyingine Cairo mwaka 1284, na wakfu ukawekwa kwa ajili ya wagonjwa. Hapa pwani, Sewa Haji, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897, alitoa mali yake ikajengwa hospitali Dar es Salaam, na jina lake lingali likitajwa katika Muhimbili. Miji ya pwani ina vyama vya maziko ambavyo kila mtu hutoa bila ya kusukumwa. Yafaa nini basi kuwe na mfuko wa jeneza, kusiwe na mfuko wa nauli ya mgonjwa? Mji ambao hauna mtu mmoja awezaye kumfikisha mzazi hospitali usiku, wote wana dhambi. Na mmoja akiifanya kazi hiyo, wote wamesalimika. Hiyo ndiyo maana ya fardhi ya kutoshana.

Tena wako wazuiao wake zao kwa sababu tabibu ni mwanamume. Wivu wa heshima ni sifa njema, lakini sheria imeuwekea mpaka. Akipatikana tabibu mwanamke, atangulizwe. Asipopatikana, mwanamume huruhusiwa kutazama kwa kadiri ya haja, na mume au maharimu awepo. Alipojeruhiwa Saad bin Muadh katika vita vya Handaki, alipigiwa hema ndani ya msikiti wa Mtume, na mwanamke, Rufayda wa kabila la Aslam, ndiye aliyekuwa akiuguza majeruhi. Na mwenye kutaka wakunga wanawake wa Kiislamu na ajiulize watatoka wapi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, aliuhesabu utabibu katika fardhi za kutoshana, akasikitika kuona watu wa miji wakisongamana katika mijadala ya fikihi, na tabibu Mwislamu haonekani. Mwanamume amtoaye binti yake shule, kisha akakataa mkewe asihudumiwe na mgeni, ametaka mavuno ya shamba alilokataa kulilima.

Wala asijisahau nafsi yake. Matende na mabusha ni maradhi ya pwani hii, yaletwayo na mbu. Na tangu mwaka 2004 watu wa mkoa wa Tanga wamegawiwa dawa za kuyazuia pasipo malipo. Na busha hupasuliwa likapona. Lakini wanaume wengi wameona haya, wakayaficha miaka mingi, mpaka wakashindwa kuvuta wavu na kulima, na nyumba ikakosa mlezi. Aonaye haya kutibiwa yeye hataona wepesi wa kumtibu mwenziwe.

Muhtasari wa maneno haya ni kwamba dawa ya mtoto ni deni juu ya baba bila ya shaka. Na dawa ya mke, kwa kutazama sababu na makusudio na hali ya zama hizi, ni deni juu ya mume mwenye uwezo, kwa kadiri ya uwezo wake. Na deni hulipwa kabla halijadaiwa. Kwa hiyo mwanamume asafiriye kwenda dago, au Tanga, au Unguja, na aache nyumbani mambo matatu. La kwanza ni neno: aseme mbele ya mkewe, mamake na nduguye kuwa akiugua yeyote, idhini imekwisha kutoka, asingojewe. La pili ni fedha ya nauli na dawa, ijapokuwa ndogo, iliyotengwa na fedha ya kitoweo. La tatu ni mtu: ndugu au jirani aliyekwisha kuambiwa kuwa akigongewa mlango usiku, yeye ndiye wa kuamka. Mambo haya matatu hayachukui muda wa kushona wavu mmoja. Lau mvuvi wa nyumba ile aliyaacha, mama mkwe asingengoja, shemeji asingeogopa, wala jirani asingeuliza mafuta ni ya nani.

Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Siku hiyo haitamfaa mtu kusema kuwa alinunua sanda nzuri.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Waislamu, awahifadhi walio baharini na walio majumbani, na awape wanaume taufiki ya kulipa madeni yao kabla ya wakati kupita. Amin.